Sahani Moja, Dawa Moja

10 Februari

Mpwa wangu, Bibi Darubini,

Kama umeifungua barua hii ukiwa umesimama, tafuta pa kukaa. Habari si mbaya ila ni ndefu. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama bado unakula huku umesimama mbele ya jiko. Kuku wake watatu wamegoma kutaga, na mshtakiwa ni mimi, ingawa sijawagusa hata unyoya. Jirani yetu fundi saa ameng'olewa jino la mbele na sasa kila akisema "saa sita" anapiga mluzi. Tunamwuliza saa mara kumi kwa siku.

Haya, jambo lenyewe. Nimetoka hospitali, na nimetoka kwa miguu yangu. Wamenikata kipande cha utumbo chenye urefu wa kiganja pamoja na ule uvimbe wake. Daktari, yule mama mrefu niliyekueleza, alisema uvimbe umetoka wote na kingo za palipokatwa hazina saratani. Mkaza mjomba wako aliposikia hivyo alikaa kwenye benchi la korido akalia mpaka watu wakaanza kumpa pole ya msiba. Ikabidi nijionyeshe, nikiwa nimeshika tumbo, wapate kuamini kwamba maiti ndiye mimi.

Kilichobaki ni vidonge vya kufagia masalia, kama yapo. Wiki mbili nameza asubuhi na jioni, wiki moja napumzika, halafu naanza tena, mara nane. Nimeshaanza. Viganja vinaniwasha kidogo, lakini aliyepasua mbao miaka ishirini hawezi kulalamika kwa ajili ya viganja.

Simu usinipigie. Unajua sikio la kulia lilistaafu kabla yangu kwa kelele za mashine, na la kushoto linasikia linachotaka. Barua inatosha. Nitaendelea kuziweka ndani ya boksi la uyoga wa maabara yenu, ili basi la mizigo libebe furushi moja. Safari hii nimeleta ule mwekundu usiolika, mgumu kama kisigino. Umependa sana vumbi la mbao la kiwandani, umejaa banda langu zima la kuoteshea uyoga. Niambie basi, mnaufanyia nini huko? Fundi saa anadai mnauuza.

Mimi mjomba wako,
niliyepungua kiganja kimoja kwa ndani

*

24 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako niliisomea ngazini, na hapo hapo ngazini nikakaa. Mama mmoja wa ghorofa ya juu akaniruka na ndoo yake. Namshukuru Mungu, sina neno lingine. Tangu siku uliyolazwa nilikuwa naishi kama mtu aliyeshika pumzi, na siku ile nikaiachia. Mwambie mkaza mjomba ndiyo, bado nakula nimesimama, ila sasa nimehamia chumba kingine, juu ya duka la fundi viatu, na nyundo yake ndiyo saa yangu ya kuamkia.

Uyoga wako hatuuzi. Tunaukausha, tunausaga, tunauloweka kwenye spiriti kali, tunachuja, kisha tunadondoshea tone kwenye visahani vya plastiki ambamo tumeotesha seli za uvimbe wa saratani. Visahani vinakaa ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Seli hizo ni shupavu, zinazaliana hata Jumapili. Sasa sikiliza. Wiki iliyopita, siku ya tatu baada ya kudondoshea uyoga wako mwekundu, nilitazama kwa darubini nikaona zimesinyaa, zimebanduka, zinaelea. Zote zimekufa, mjomba. Nilirudia kuhesabu mara mbili. Uyoga wa bandani kwako.

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Miwani Miwili, maana mmoja huwa puani na mwingine kichwani, na bado hutafuta wa tatu. Nilimwita aone. Alitazama, akasema "tutaona," akaagiza niandae sahani nyingine. Huyo hata akishinda bahati nasibu atasema tutaona.

Najua utauliza kwa nini hatuchanganyi aina mbili za uyoga kuokoa muda. Kanuni imebandikwa ukutani juu ya sinki: sahani moja, dawa moja. Ukitia dawa mbili hutajua ipi iliyofanya kazi, na pengine moja itaiharibu nyingine. Hata mimi niliposahau mara moja nilikaripiwa mbele ya wenzangu.

Wewe mwenyewe endelea kupumzika. Usinyanyue mifuko ya vumbi la mbao.

Mpwa wako

*

20 Machi

Mpwa wangu mwenye macho ya mbali,

Tunashukuru kwa barua na kwa soksi. Huku mvua zimeanza, paa la banda linavuja upande wa mlango, na fundi saa amenunua jino jipya ambalo linatoka akipiga chafya. Kuku mmoja ametaga. Mkaza mjomba wako amenitangaza kuwa sina hatia, mpaka hapo itakapoamuliwa vingine.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Nimemsomea fundi saa, nimemsomea muuza magazeti, hata dereva wa basi la mizigo nimemsomea pale pa "zote zimekufa". Mtu amepasua mbao maisha yake yote, akaambiwa vumbi lake ni takataka, kumbe ndani ya takataka kulikuwa na dawa. Nilisimama bandani, nikauangalia ule mwekundu, nikajisikia kama msomi.

Nakupa habari njema zaidi. Viganja vyangu vimepona. Vilikuwa vimechunika, mpaka kushika kijiko nilikuwa nashika kwa vidole viwili, na nyayo zinawaka nikikanyaga sakafu. Sikukuandikia kwa sababu ungepiga kelele. Sasa ngozi mpya imeota, nakamata msumeno kama zamani. Nalala vizuri na chakula kina ladha.

Nimejifunza kwenu. Nachemsha uyoga mwekundu asubuhi na jioni, kikombe kimoja kimoja, na ninafuata utaratibu wa maabara, sahani moja, dawa moja. Daftari lipo, naandika kila siku. Hayo mengine tutayazungumza mambo yakikamilika.

Mjomba wako,
mtafiti

*

31 Machi

Shikamoo mjomba,

Nawasalimu nyote. Boksi lako lilikaa ofisi ya basi siku nane kwa sababu lebo ililowa, kwa hiyo barua nimeipata jana. Huku mimi mzima. Fundi viatu wa chini amepata mjukuu na amenyamazisha nyundo kwa siku mbili, nikachelewa kazini siku zote mbili.

Mjomba, nakuuliza na unijibu. Vidonge vya hospitali unameza au humezi?

Nauliza kwa sababu viganja vilivyochunika kwa vidonge haviponi hivi hivi wakati mtu bado anavimeza. Nauliza pia kwa sababu ya yale maneno yako ya sahani moja. Kama umeviacha ili uyoga ujaribiwe peke yake, nakusihi, leo hii uende kwa daktari umwambie. Kanuni ile tumeibandika ukutani kwa ajili ya vitu vilivyomo ndani ya plastiki. Sikukuandikia ili uifuate wewe.

Umeshakatwa, umeshashonwa, umepona kidonda. Umemla ng'ombe mzima, usishindwe na mkia.

Jana nilimpigia simu mkaza mjomba. Nilikuwa na neno moja mdomoni, lakini nilipomsikia anavyofurahi kwamba viganja vyako vimepona, nikaishia kumwuliza habari za kuku. Sikuweza.

Mambo ya maabara yanaendelea.

Mpwa wako

*

6 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima, kuku wazima, fundi saa mzima. Mvua imetulia. Nimeziba paa kwa bati nililolitoa kwenye lile banda la zamani, na maji sasa yanavuja upande mwingine, kwa hiyo angalau kuna mabadiliko. Mifuko mipya arobaini ya vumbi la mbao imeshika utando mweupe wa uyoga, yote, hakuna hata mmoja ulioota ukungu wa kijani. Mkaza mjomba wako anashona pazia. Mwenye duka la kona amepaka ukuta wake rangi ya bluu ambayo hakuna aliyeipenda.

Mambo ya vidonge ni ya mwenye tumbo. Mimi si mtoto, na wa kunifundisha kumeza hawajazaliwa. Mwezi mzima sikuweza kumfungia mke wangu kifungo cha nyuma. Wewe hukuiona mikono yangu.

Ila na mimi nina swali moja, kwa kuwa umependa maswali. Barua yako ya kwanza ilikuwa na maneno mengi, na hii ya pili mambo ya maabara "yanaendelea" tu. Yanaendelea wapi? Wewe uliona kwa darubini yako, au hukuona?

Mjomba wako

*

9 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu kwa mkaza mjomba. Za huku nitazileta siku nyingine, leo nina deni la ukweli kwako na nikianza na hadithi za fundi viatu nitaishia humo humo.

Niliona. Lakini nilichokiona hakikuwa uyoga wako.

Ile sahani nyingine aliyoagiza Miwani Miwili ilikuwa ya spiriti tupu, bila hata chembe ya uyoga. Niliiahirisha kwa sababu nilikuwa na furaha na sikutaka mtu aniguse furaha yangu. Nikaiandaa tarehe kumi na nane Machi. Siku ya tatu seli zilikuwa zimesinyaa, zimebanduka, zinaelea, vilevile kabisa. Nilikuwa nimetia spiriti nyingi kuliko inavyotakiwa. Spiriti ndiyo iliyoua, mjomba. Ukiidondoshea spiriti seli yoyote, ya uvimbe au ya jicho lako, itakufa. Sahani ile ilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, kabla sijahesabu chochote, kabla sijashika kalamu kukuandikia. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchekwa akilifanya, na mimi nina miaka saba kazini.

Nilijua hivyo tangu tarehe ishirini na moja Machi. Barua yangu iliyopita niliiandika nikijua, na sikukuambia. Niliona aibu. Nikadhani nikikuamuru kwa ukali utaenda hospitali, na mimi nitabaki kuwa mpwa wako msomi. Nimeona haya mbele yako kuliko nilivyoona mbele ya wakuu wangu.

Sasa nikuambie yote, yasibaki makombo. Tulichemsha uyoga wako kwa maji, kama unavyochemsha wewe, tukadondoshea maji yake kwenye seli za uvimbe. Hazikufa. Ziliendelea kuzaliana kama kwamba hatukuwepo. Kisha Miwani Miwili akasema tujaribu kwa njia nyingine. Nikatolewa damu yangu, tukazitenga zile chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili, tukazinywesha maji ya uyoga. Hizo ziliamka. Kwenye kuta za uyoga kuna sukari za minyororo mirefu, na askari wa mwili wakizigusa wanashtuka kama waliosikia mlango unabishwa. Zilivimba, zikatoa kemikali za kuitana, na tulipoziweka pamoja na seli za uvimbe zilimaliza nyingi kuliko zile ambazo hazikunyweshwa. Safari hii sahani zote za kulinganishia zilikuwepo, na tumerudia mara tatu. Kwa hiyo uyoga wako si takataka. Hauui uvimbe, unaamsha walinzi.

Lakini walinzi hao niliwaweka mimi kwa mrija, ubavuni mwa adui, ndani ya sahani. Mwilini mwako sijui kama watafika, sijui kama kikombe kinatosha, sijui kama tumbo halimeng'enyi kila kitu. Hakuna anayejua kwa kuchungulia sahani. Ziko nchi ambazo madaktari wamewapa wagonjwa dawa zilizotokana na uyoga, ila wanazitoa pamoja na matibabu, si badala yake.

Sitampigia tena mkaza mjomba kuuliza habari za kuku. Nakuachia wewe umwambie. Lakini ikifika tarehe ishirini sijapata barua, nitampigia na nitasema neno lililonishinda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kosa, wewe umeficha vidonge. Nimeanza mimi kufichua.

Nisamehe, mjomba. Sina la kujitetea.

Mpwa wako

*

17 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuiti mpwa. Tulia, nimekwenda.

Barua yako ilifika Jumapili. Niliisoma bandani, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikairudia pale penye spiriti mara nne. Nikuambie ukweli, hasira ilinipanda kwanza. Halafu nikafikiri, mtu huyu angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Kule kiwandani, nilipokata mbao fupi kwa nusu inchi, mzigo mzima, nilizificha chini ya zile ndefu na nikaacha mwenzangu alaumiwe. Sijawahi kumwambia mtu. Wewe umeniambia mimi.

Sikujua nianzeje kusema, basi nikampa mkaza mjomba wako barua, nikasimama mlangoni. Alisoma mpaka mwisho. Akaikunja, akatoka kuwapa kuku maji, akarudi akiwa ameshafunga kilemba. Akasema maneno mawili tu.

"Vaa viatu."

Ilikuwa Jumapili, kliniki ya wagonjwa wa nje imefungwa. Nilivivaa hivyo hivyo, nikakaa navyo mpaka jioni, na Jumatatu alfajiri tukaondoka.

Yule daktari mrefu hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Nilimweleza yote, na daftari langu nikamwonyesha: wiki sita kasoro siku moja bila kidonge. Akauliza nani alinishauri. Nikasema kichwa changu, na hilo si uongo. Nikamweleza kanuni ya sahani moja, dawa moja. Akaitikia kwa kichwa, akasema kanuni ni nzuri sana na hata yeye anaiheshimu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Lakini wewe, mzee wangu, si sahani."

Alichonikemea ni viganja. Akasema kama ningemwambia tangu wiki ya kwanza angepunguza dozi na kunipa mafuta ya kupaka, na mambo yangeishia hapo. Hivyo ndivyo alivyofanya sasa. Nimeanza tena tangu juzi, vidonge pungufu, mafuta asubuhi na jioni, na mkaza mjomba wako anasimama mbele yangu mpaka aone koo limeshuka. Uyoga mwekundu daktari amenikataza kwa sasa, eti unaweza kugombana na dawa au kuchezea damu. Ule mweupe wa kula ameruhusu kwenye mboga kama chakula kingine chochote.

Ameagiza damu ipimwe na tumbo lipigwe picha, aone kama wiki zile zimeleta madhara. Foleni ya mashine ni ndefu. Tarehe yangu ni nne Juni. Siwezi kukudanganya, naiogopa hiyo tarehe. Lakini nimeshusha mzigo niliokuwa nimeubeba peke yangu, na jana nimelala mchana kama mtoto mchanga, mdomo wazi, mbele ya wageni.

Usijilaani kwa kosa lako. Uliniandikia habari ya sahani. Mimi ndiye niliyejifanya sahani.

Mjomba wako

*

12 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi sana bila kujibu, kwa kuwa kila nilipoanza niliandika "asante" nikashindwa kuendelea. Basi asante. Mwambie mkaza mjomba namwekea nadhiri ya kula nimeketi kwa mwaka mzima.

Miwani Miwili nimemwambia kila kitu, pamoja na habari zako. Alivua miwani yote miwili, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Akasema kuanzia sasa hakuna mtu kupeleka matokeo nyumbani kabla ya sahani ya kulinganishia. Ameandika hivyo kwa mkono wake, ikabandikwa chini ya ile kanuni ya kwanza. Hakuandika jina langu, lakini maabara nzima inajua ni ya nani.

Anaomba kuongezewa uyoga mwekundu, wa mfuko uleule. Kazi ya walinzi inaendelea, na sasa hilo "inaendelea" ni la kweli.

Nahesabu siku kuelekea Juni. Viganja vikoje? Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya.

Mpwa wako

*

5 Juni

Mpwa wangu,

Salamu baadaye.

Hakuna kitu. Nimeandika hivyo juu kabisa ili usipate taabu ya kutafuta.

Jana tulifika mapema mno, hata mfagiaji alituomba tuinue miguu. Mkaza mjomba wako alishika begi, mimi nikashika mkono wake, kitu ambacho hatujafanya hadharani tangu harusi. Tuliitwa saa tano. Yule mama mrefu aligeuza kioo cha kompyuta kuelekea kwetu, akaonyesha kwa kalamu ini, akaonyesha mapafu, akaonyesha pale waliposhona. Kote hakuna kitu, na damu nayo imerudi safi.

Nikamwambia sikio langu bovu, arudie. Akarudia. Nikamwambia bado. Mara ya tatu alijua kabisa kwamba nimesikia, lakini alirudia, taratibu, mwanamke yule Mungu ambariki.

Amesema tumebahatika, na bahati hiyo nisiijaribu mara ya pili. Nimebakiza mizunguko mitano. Viganja vimekuwa vyekundu kidogo, havijachunika, na nimemwambia yeye mwenyewe kabla hajaniuliza. Nilijisikia mtu mzima.

Tulitoka koridoni. Nilikaa kwenye benchi nikalia, mimi, mbele ya wagonjwa na dawa zao. Mkaza mjomba wako alisimama pembeni akiwaambia watu wasinipe pole, hakuna aliyekufa. Tulipofika nyumbani fundi saa alikuwa langoni, amesimama tangu asubuhi, saa za watu ameziacha mezani. Nilipomwambia alinikumbatia kwa nguvu mpaka lile jino likatoka, tukalitafuta kwenye mchanga wote watatu, tunacheka na kulia.

Boksi la uyoga limebeba kilo mbili. Ndani kuna karatasi ya mkaza mjomba wako, na ameniapisha nisiifungue.

Mjomba wako,
mzima

*

9 Juni

Shikamoo mjomba,

Nilikwenda mwenyewe ofisi ya basi kuchukua boksi, nikalifungua hapo hapo kaunta kwa ufunguo wa chumba changu. Karani alikuwa akinisemesha, mimi natafuta barua. Niliona mstari wako wa juu, nikajua yaliyobaki naweza kuyasoma polepole. Nikaketi juu ya mzigo wa mtu nisiyemjua, nikausoma mstari ule ule, mara ngapi sijui. Karani akaniletea kiti.

Karatasi ya mkaza mjomba nimeisoma. Anasema hajawahi kunikasirikia, hata ile Jumapili, na kwamba alipokuwa nje anawapa kuku maji alikuwa ananiombea mimi, si wewe, kwa sababu wewe ulikuwa na yeye na mimi nilikuwa peke yangu na kosa langu. Sikulitegemea hilo. Mwambie limeniingia.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili na Miwani Miwili ameitia saini bila kusema tutaona. Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Nitasaidia kubeba mifuko, nitaziba paa upande unaovuja, na kila asubuhi na jioni nitakaa nanyi mezani ukimeza.

Kuna jambo sikuliandika mwezi wa nne, wala wa tano, kwa kuwa niliona nikiliandika litakuwa kweli. Tangu siku ile nilipoipata barua ya viganja vyako, kwa siku sabini, kila asubuhi kabla sijafumbua macho, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa kwamba nimemuua mjomba wangu kwa barua. Nilikuwa nikioga nacho, nikienda nacho kazini, nikitazama darubini nacho. Leo nyundo ya fundi viatu imeniamsha kama kawaida. Nimelala kidogo nikingojea kitu kile kije. Hakikuja, mjomba. Nikainuka nikafungua dirisha.

Mpwa wako